Chambo Kilichobaki

Fundi Saa alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya beseni, anakanda. Unga wa mahindi, unga wa samaki wakavu, mayai, sukari kidogo, vanila. Donge lilikuwa bado linanata vidoleni, naye alijua kwamba donge linalonata likichemshwa hupasuka. Kwa hiyo aliongeza unga kwa kunyunyiza, kidogokidogo, kama anavyotia mafuta kwenye saa ya mkononi. Mlango wa jikoni alikuwa ameufunga kwa komeo.

"Fungua, nataka sufuria," mkewe alisema kutoka nje.

"Sufuria gani?"

"Yoyote ambayo haijanuka samaki, kama bado ipo."

Alisogeza komeo kwa kiwiko. Mkewe aliingia, akatazama beseni, akatazama taulo lililoziba dirisha, akacheka kwa pua.

"Unamficha nani, baba? Paka?"

"Harufu isitoke."

"Harufu imeshafika kwa jirani, imekaribishwa kiti. Umeiona picha ya mdogo wangu?"

Hakuwa ameiona wala hakutaka kuiona, lakini simu ilikuwa tayari mbele ya uso wake. Shemeji yake, Mpaka Rangi, alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, amekumbatia samaki mnene wa rangi ya shaba, meno yote nje. Kundi zima la familia lilikuwa limemjazia pongezi. Hata mama mkwe, ambaye Fundi alipopata samaki wake mkubwa aliuliza tu kama analiwa, safari hii alikuwa ameandika: "Hongera mwanangu, mikono yako ina baraka."

"Mzuri," alisema Fundi.

"Mzuri tu?"

"Mzuri sana." Akarudi kukanda, sasa kwa ngumi.

Tuseme kweli, Fundi Saa hakuwa mtu wa roho mbaya. Mteja akimletea saa iliyofunguliwa na fundi mwingine ikaharibiwa, hakumsema yule mwingine. Alisema saa imepata matatizo. Lakini habari ya shemeji yake ilikuwa imemkaa kooni kama mfupa. Yeye ndiye aliyemfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kufunga ndoana, jinsi ya kumlaza samaki kwenye turubai iliyoloweshwa, jinsi ya kumrudisha majini taratibu, maana ziwa lile lilikuwa na sharti hilo: unavua, unashukuru, unarudisha. Mwaka haujaisha, na mwanafunzi alikuwa anapata samaki karibu kila akienda, huku mwalimu akirudi nyumbani bila picha hata moja, shingo imeungua jua.

Ziwa lenyewe lilikuwa gumu. Zamani lilikuwa machimbo ya kokoto. Mashine zilipoondoka maji yakajaa, maangavu kama kioo. Ndani yake waliishi karpi, samaki wa magamba makubwa na vindevu mdomoni, ambao wavuvi wa pale waliwaita Ndevu. Kwa kuwa walivuliwa na kurudishwa mara nyingi, walijua ndoana kuliko wauzaji wa ndoana. Mkubwa wao kupita wote aliitwa Bi Mkubwa, jike mwenye kipara ubavuni mahali magamba yalipong'oka. Fundi alikuwa amemwona miaka mingi, na hakuwahi kumgusa. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya lango la ziwa kufungwa ili samaki watage kwa amani. Alichokitaka Fundi kilikuwa kimoja tu: Bi Mkubwa akishikwa, asishikwe na shemeji.

Alikuwa na hakika kwamba siri ni chambo. Yeye alikuwa amejaribu mahindi machanga, dengu za kuchemsha, ndago zilizolowekwa mpaka zikatoa utelezi, ini, jibini, na vidonge vya kila harufu iuzwayo dukani. Kila aliposhindwa aliongeza harufu, na kila alipoongeza harufu alirusha mbali zaidi, katikati kabisa ya ziwa, akiamini wakubwa hukaa mbali. Wiki iliyopita, aliposalimiana na Mpaka Rangi, alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, kisha akajifanya anajikuna pua. Mkono ulinuka rangi ya mafuta, basi.

Sasa akanawa, akafunika beseni.

"Nimesahau kigoda ziwani," alimwambia mkewe.

Mkewe alikitazama kigoda, kilichokuwa nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Alimsogezea viatu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Fundi alipofika. Aliacha njia ya kokoto, akapita kwenye majani, akajibanza nyuma ya matete. Aibu kidogo ikamjia, mtu mzima mwenye duka lake kujificha hivyo. Lakini alipoona, aibu ikaondoka. Mpaka Rangi alikuwa mahali pake. Si karibu na mahali pake. Palepale, kwenye nyasi zilizolala kwa ajili ya kigoda chake yeye.

Na alikuwa halengi mbali. Alikuwa amelala kifudifudi, ncha ya fimbo imechungulia ukingoni kidogo tu, mshipi umeshuka karibu na pua yake. Mkono mmoja ulipapasa nyasi kama anayetafuta kifungo cha shati. Akaokota kitu, akampuliza mdudu aliyekuwa juu yake, akakichomeka kwenye ndoana.

Fundi alishindwa kuvumilia. Akatoka.

"Unaokota nini hapo?"

"Aa, shemeji." Mpaka Rangi hakuinuka, wala hakushtuka. "Taratibu na miguu. Wapo."

"Nimekuuliza, chambo gani hicho?"

Mpaka Rangi alimwangalia kana kwamba ameulizwa dada yake anaitwa nani. "Chako."

"Changu kipi?"

"Hiki unachomwaga ukiondoka. Vingine vinaangukia kwenye nyasi. Vya jana ndiyo vitamu zaidi, vimeshalowa umande, harufu imekwisha. Nilidhani unajua."

Hapo Fundi akakaa chini. Ni kweli, alikuwa akimwaga. Alifundishwa na mvuvi wa kwanza aliyekaa naye pale kwamba kurudi nyumbani na chambo ni kurudi na nuksi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua duka, aliinamisha ndoo na kuviacha vyote vilivyobaki palepale miguuni. Miaka yote. Hakuwahi kugeuka kutazama.

"Ningejuaje?" alisema.

"Si nilikuambia? Nilisema, shemeji, mimi nakula kwa mgongo wako. Ukacheka."

"Nilidhani utani."

"Basi na wewe ucheke vizuri siku nyingine." Mpaka Rangi akatabasamu, kucha zake zina madoa ya rangi ya kijani. "Watu wananisumbua, wewe, unatumia nini? Nawaambia, chambo cha shemeji yangu, fundi wa saa. Wanadhani nawaficha. Mmoja amenuna mpaka leo."

Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko yote. Alikuja na hasira yake imekunjwa vizuri, tayari kuitoa, na sasa hapakuwa na mahali pa kuiweka. Angalau angekuta wizi. Angalau angekuta unga wa ajabu kwenye kopo lililofungwa. Badala yake alikuta mtu anayemsifu.

"Shemeji," Mpaka Rangi alinong'ona. "Usipumue."

Chini yao, kwenye kina cha kiuno tu, kivuli kilitoka penye magugu. Kilikuja bila haraka, kama mama mwenye nyumba anayekagua jiko. Mashavu yakajaa, yakatema mchanga, yakabakiza tonge. Ubavuni palionekana kipara. Fundi hakuwahi kumwona kwa ukaribu huo. Aliweza kuhesabu ndevu zake.

Mpaka Rangi akaisukuma fimbo polepole juu ya nyasi, mpini ukaelekea kwa Fundi.

"Shika. Huyu wako."

Fundi alinyoosha mkono. Ili afike, alilazimika kuegemea, na kisigino chake kikasaga kokoto. Sauti ndogo tu. Maji yalivimba, tope likainuka, na pale alipokuwa Bi Mkubwa pakawa hapana kitu.

Mpaka Rangi hakumlaumu, na Fundi alitamani angemlaumu.

"Mbona wewe hawakukimbii?" hatimaye aliuliza.

"Nimelala. Halafu mimi nakuja ukishaondoka. Wanakusikia, shemeji. Ndoo inagonga, zipu ya begi, kigoda, halafu viatu vyako vinapanda njia ya kokoto, kracha, kracha. Hapo wanajua mwenye ndoana amekwenda, kilichobaki ni salama. Viatu vyako ni kengele yao ya chakula."

Fundi alitazama viatu vyake. Kila siku aliweka saa za watu sikioni, akasikia meno ya gurudumu lililochoka kabla mwenyewe hajajua. Miguu yake mwenyewe hakuwahi kuisikiliza.

"Unakuja kesho?" Mpaka Rangi aliuliza.

"Sijui," alijibu Fundi, na akaondoka kwa kupitia majanini.

Nyumbani, beseni lilimsubiri. Alijua sasa lililopaswa kufanywa, na alilijua vizuri mno. Lazima mtu aondoke ili mwingine abaki. Lazima ndoo igonge, zipu ilie, viatu vizito vipande kokoto mpaka juu, huku yeye amelala kifudifudi pale ukingoni, hapumui. Mtu wa kuondoka kwa niaba yake alikuwa mmoja tu anayejua kazi hiyo. Alichukua simu, akairudisha mezani. Akaichukua tena. Kumwomba mtu akupishe umpate samaki ambaye angeweza kumpata yeye. Hata kulifikiria tu ilikuwa aibu.

Akakata donge vipande, akaanza kuviringisha. Mkewe aliingia na sufuria yake, akaketi ng'ambo ya meza, akachukua kipande na kuviringisha naye.

"Kigoda umekipata?"

"Nimekipata."

"Mdogo wangu hajambo?"

Fundi aliviringisha kidonge kimoja mpaka kikawa mviringo kuliko inavyohitajika.

"Mwambie kesho aje alfajiri," alisema, macho kwenye meza. "Tuna mguu mmoja wa kwenda ziwani. Viatu vyangu avijaribu, vikimbana aje na vyake vya kazini. Vizito."

"Mwambie mwenyewe."

"Mwambie wewe. Mimi nina unga mikononi."

Mkewe akachukua simu, akaanza kuandika, mdomo ameubana kuzuia kicheko. Fundi akatenga vidonge vichache, akavichemsha, akavitia kwenye kikombe cha maji baridi vilale humo, harufu ivitoke. Akaviangalia. Akaondoa taulo dirishani. Nusu ya donge ilikuwa bado haijaguswa. Akalifunika kwa kitambaa kibichi, akalisukuma pembeni ya meza, liviringishwe kesho.

"Kajibu," mkewe alisema. "Anauliza, akipanda ile njia, apande kwa mwendo wako au kwa wake?"

Fundi alitazama viatu vyake mlangoni.

"Wangu," alisema. "Mwambie ajifunze. Mimi huwa natembea polepole."