Maoni kwa Mwalimu Wadhah

Kiyoyozi cha chumba cha ndani kilikufa mwezi wa tano, na fundi aliyekuja kukitazama aliondoka akitikisa kichwa. Tangu hapo Radhia alifundisha hesabu akiwa na kanga iliyolowa mabegani. Feni pekee ilielekezwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikiungua ndiyo basi, lakini Radhia akizimia atamwagiwa maji ataamka.

Alasiri ile alikuwa na Hisham wa mji wa Ashkhara, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa marudio wa thanawiya, yaani sekondari. Hawakuwahi kuonana wala kusikiana sauti. Waliandikiana tu mtandaoni. Hisham alikwama kwenye uwezekano. Mfuko una mipira myekundu na myeupe, unatoa mmoja, huurudishi, unatoa wa pili. Kila mara alihesabu kana kwamba ule wa kwanza bado umo. Radhia hakumpa jibu. Alimwandikia: "Ule ulioutoa uko wapi sasa?"

Jibu likaja: "Mkononi mwangu! Wallahi, mkononi mwangu!"

Radhia akacheka peke yake.

Somo lilipokwisha, ukafunguka ukurasa wa maoni. Hapo mwanafunzi huandika analotaka kuhusu aliyemfundisha, na anayeyasoma ni mwenye taasisi, Ustadh Humoud, ofisini kwake Nizwa. Hisham aliandika: "Mwalimu Wadhah hamfanyi mtu ajione mjinga."

Mwalimu Wadhah alikuwa chumba cha pili, amelala.

Wadhah alikuwa kaka yake Radhia. Alifeli hesabu, akarudia, akafeli tena, na tangu hapo alikuwa akitafuta kazi kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuipata. Radhia alimaliza thanawiya mwaka uliofuata na alama ambazo mwalimu mkuu alizitangaza shule nzima. Taasisi ya Nizwa ilikuwa ikitafuta vijana waliofaulu wawasaidie wenzao kwa posho kidogo, lakini ilitaka wavulana tu. Baba yao, Khelef, aliyeendesha gari la maji mpaka mgongo ukamshinda, alisema afadhali, maana jina la binti yake halitatupwa mtandaoni lisomwe na kila mtoto wa mtu. Ndipo mama yao, Mabruka, akiwa anashona kofia za kuuza soko la wanawake la Jumatano, akaitoa ile hekima yake.

"Si aandike la kaka yake? Jina la kaka yake lina dhara gani?"

Nyumba nzima ilifurahi. Hata Radhia, masikini, alifurahi. Alidhani anaazima jina tu.

Na alikuwa na lake la kumfurahisha. Baada ya mwaka wa kuombwa, baba alikubali aende chuo cha ualimu mji wa Sur, akae sakani, bweni la chuo, na wasichana wenzake. Nafasi alikwishapata. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti. Asiyefika, nafasi yake hupewa mwingine. Begi lake lilikuwa limeshafungwa.

Alhamisi akaja Ustadh Humoud mwenyewe. Maoni ya wanafunzi yalikuwa mazuri mno, alisema kwenye simu, kwa hivyo anataka kumwona Wadhah kwa macho yake na kumpa kazi ya mshahara. Mabruka alipika pilau. Wadhah alivishwa kanzu safi akapelekwa kituo cha petroli cha barabara kuu amsubiri mgeni, maana nyumba yao haikuwa rahisi kuiona. Mgeni bado yuko mbali, Radhia alijisemea, na Hisham ana mtihani keshokutwa. Akaingia mtandaoni. Nyumba ilikuwa na laini moja ya simu, na intaneti ilipita humo humo. Mtu akiwa mtandaoni, simu haipatikani.

Mgeni alipofika na kahawa ilipokuwa tayari, Radhia aliibeba mpaka kwenye pazia la majlisi, chumba cha wageni, Wadhah akaipokea. Yeye akabaki nyuma ya pazia.

"Nimekupigieni njia nzima mnelekeze," Ustadh Humoud alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Simu inatumika. Nikampigia kijana wangu ofisini nikamuuliza, kulikoni? Akanambia Mwalimu Wadhah yumo mtandaoni, anasomesha." Akanywa kahawa. "Nakata simu, nageuza kichwa, Mwalimu Wadhah huyu hapa, kasimama petroli, jua linampiga."

Wadhah akatazama zulia.

"Sasa nani anayesomesha, Bwana Khelef?"

"Ustadh, wallahi sisi hatukukusudia..."

"Nani?"

"Binti yangu," Khelef alisema. "Radhia."

Nyuma ya pazia Radhia aliogopa. Lakini alifurahi pia. Jina lake limetajwa mbele ya mtu aliyesoma yale maoni yote, na sasa mtu huyo anajua ni yake. Alingoja Ustadh aseme neno.

"Mashallah," alisema Ustadh Humoud. "Basi hakikuharibika kitu."

Kikombe kikawekwa chini.

"Nisikilizeni. Wazee wa Mudhaibi na Ashkhara wananletea watoto wao kwa jina la Wadhah. Nikiwaambia wanasomeshwa na msichana, kesho hawapo. Nami sikuja kuivunjia heshima nyumba ya watu. Wadhah aje ofisini, avae vizuri, awapokee wazee. Binti asomeshe hapa hapa kwao, kajisitiri. Nyumba moja, mshahara mmoja. Ila isijulikane."

"Anakwenda chuo, Ustadh," Khelef alisema taratibu. "Sur. Jumamosi."

"Huko sakani atapata wapi kompyuta na simu? Nani atawajibu watoto wa watu?" Akamgeukia Khelef. "Bila yeye, Bwana Khelef, kijana wako simuhitaji. Tusidanganyane."

Pilau ikaletwa. Walikula, wakaisifu.

Mgeni alipoondoka, Radhia aliingia majlisi akamkuta baba yake hajainuka alipokaa.

"Baba, Jumamosi tutaondoka saa ngapi?"

"Sur mwaka huu hakwendeki, mwanangu."

"Ulikubali."

"Nilikubali hatuna kitu. Sasa riziki imetujia mpaka mlangoni, tuifukuze?"

"Si kapewa Wadhah kazi? Akafanye! Si ndiye mwalimu?"

"Radhia!" Mabruka alisema. "Adabu yako."

"Mwakani, inshallah," alisema baba, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwa Radhia kama angekuwa mbaya.

Jumamosi ilikuja kama siku yoyote. Asubuhi Radhia alifua. Adhuhuri ilipoadhiniwa alijua kuwa kule Sur wamekwishafunga, akaendelea kuanika. Alasiri alikuwa mbele ya kompyuta, na Wadhah kasimama nyuma yake, amevaa kofia ambayo mama yao alikuwa amekataa kuiuza kwa bei ndogo. Alikuwa akingoja gari la kwenda Nizwa na alitaka kuyajua majina ya wanafunzi, asije akaumbuka ofisini.

Hisham akaingia.

"Ustadh, nimefanya mtihani. Nimejibu yote."

Kisha akaandika tena, harakaharaka, bila kungoja.

"Ustadh, nisamehe. Mimi si Hisham. Hisham ni kaka yangu, yuko na baba kwenye kukausha samaki. Mimi naitwa Hiba. Nimetumia jina lake kwa sababu hata wanafunzi mnachukua wavulana tu. Baba hataki nende chuo, anasema msichana aende wapi. Lakini wewe anakusifu kila siku. Una dada? Anasoma? Nikimwambia dada yake Mwalimu Wadhah anasoma chuo, atanikubalia."

Radhia hakufikiri. Vidole vyenyewe viliandika: "Ninaye. Yuko Sur, anasomea ualimu wa hesabu. Mwambie baba yako."

Wadhah alikuwa msomaji wa polepole. Lakini alifika mwisho kabla Radhia hajabonyeza kutuma. Akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaanza kufuta, herufi moja baada ya moja, mpaka mahali pakabaki peupe.

"Umesikia alivyosema Ustadh. Isijulikane."

"Atanyimwa chuo, Wadhah."

"Baba hana kazi," alisema Wadhah. "Mie ndo nimeipata leo. Mwandikie huna dada."

Nje gari lilipiga honi. Wadhah hakuondoka. Radhia aliuona mkono wa kaka yake bado uko pale pale, karibu na vitufe, akaandika mwenyewe.

"Sina dada."

Jibu la Ashkhara lilichelewa.

"Haidhuru, ustadh. Angekuwepo, angekuwa na bahati kuwa na kaka kama wewe."

Wadhah akalisoma mpaka mwisho, akampigapiga Radhia begani kwa upole, akatoka. Radhia alisikia mlango wa gari, na mama yake akimwombea dua barabarani.

Kwenye kioo cha kompyuta mwanafunzi mwingine alikuwa amekwishaingia.

"Mwalimu Wadhah, upo?"

"Nipo," aliandika Radhia.