Mpaka Mama Auimbe

Mtangazaji wa redio alimuuliza kaka yangu kwa nini albamu yetu mpya imeimbwa chini chini namna hii, naye Kaka akamjibu habari za kukomaa kisanii. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikauma ulimi. Hajakomaa popote, yule. Ngoja niseme ilivyokuwa.

Kwenye bendi yetu wimbo haupigiwi kura. Tunaupiga chumba cha nyuma, mlango wazi, na Mama yuko chumba cha pili anapiga pasi nguo za wateja. Kisha tunakunja nyaya na kunyamaza. Kesho yake asubuhi mmoja wetu anapita mlangoni kwake kama mtu anayetafuta ndala zake. Mama akiwa anauimba ule wimbo puani huku anapiga pasi, umepita. Asipouimba tunauzika, na hakuna matanga.

Ndivyo tulivyotengeneza albamu zetu zote, na mwenyewe hana habari. Mama ni dobi. Ukimuuliza wimbo upi mzuri atakwambia yote makelele na umeme unakwenda bure. Ndiyo maana hatumuulizi.

Bendi yenyewe ni ya ukoo. Kaka ndiye anayeimba na kupiga gitaa. Mzaliwa wa kwanza, kipenzi cha Mama, na anajua. Mkewe, wifi yangu, yuko kwenye kinanda. Ngoma anapiga binamu yetu, tunamwita Nyundo, na siku akija kukugongea mlango utaelewa kwa nini. Mimi napiga gitaa la besi, ile sauti nene ya chini ambayo watu huigundua ikikosekana. Mama hakuwahi kuielewa. Miaka yote swali ni lile lile: "Mwanangu, kaka yako namsikia. Wewe hasa unapiga nini humo ndani?" Nina hasira za karibu, hilo silifichi, lakini kwa Mama nilikuwa nameza.

Basi, albamu hii ikatutoa jasho. Tulipiga wimbo wa kwanza, mtamu mpaka Nyundo akausifu, na Nyundo hasifu kitu ila chakula. Asubuhi nikapita mlangoni. Mama anapiga pasi shati, hakuna wimbo, anaguna guna tu. Nikarudi nikatikisa kichwa. Tukauzika. Wa pili ukawa hivyo hivyo, na uliofuata, na uliofuata. Mama ni kuguna tu, utadhani anagombana na kola.

"Magoti yanamsumbua," wifi alisema. "Mtu akisimama kutwa nzima lazima agune."

Kaka akaanza kukonda. Watu wa nje hawawezi kuelewa: jitu zima lenye ndevu halilali vizuri kwa sababu mama yake hakuimba wakati wa kupiga pasi. Lakini ule wimbo wa puani ndio uliokuwa moyo wake. Alianza kuimba kwa ajili ya Mama tangu mdogo, na akifunga macho jukwaani si watu anaowaona. Akaandika upya kila kitu. Akapandisha sauti juu, akapandisha tena, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaniambia mimi nipunguze. Fundi wa studio akipiga simu kuuliza tunakuja lini kurekodi, Kaka anamwambia wiki ijayo, kama alivyomwambia wiki iliyopita.

Mwisho wifi akasema lililokuwa rohoni mwa wote. "Labda tumeishiwa. Tukubali tu, kila mtu atafute kazi nyingine."

Nilidhani Kaka atabisha. Hakubisha. Alikaa juu ya spika akiangalia vidole vyake. Hapo damu ikanichemka. Nikawaambia kama ni kuvunja bendi tuvunje, lakini si kwa ajili ya kola za mashati ya watu. Nikatoka nikabamiza mlango.

Nikaenda kwa Mama, maana ukigombana na ndugu zako unawashtaki kwa mama hata ukiwa na mvi. Nilimkuta amenipa mgongo, ananyoosha shuka. Nikamwita. Hakugeuka. Nikadhani amechukia kwa ajili ya ule mlango, nikakaa juu ya kapu la nguo kungoja hasira zimwishe, zake na zangu. Naye akaendelea kuguna.

Sikuwa na la kufanya, nikamsikiliza. Ile sauti ya kuguna kwake ilikuwa inashuka, inatulia, inapanda kidogo, inarudi ilikoanzia. Halafu inaanza tena. Vidole vyangu vikaanza kucheza juu ya goti kabla akili haijafika. Ilikuwa besi yangu. Besi ya ule wimbo wa kwanza tuliouzika, yote, mpaka pale ninapochelewa makusudi kabla ya kiitikio. Mama naye akachelewa, pasi iko hewani, kisha akashuka nayo taratibu.

Nilipigwa na butwaa. Alipokunja shuka na kuchukua nyingine, akaingia wimbo wa tatu.

Nikainuka nikamgusa bega. Akashtuka. "Jamani, utaniua. Huwezi kupiga hodi?"

"Nimekuita, Mama. Ulikuwa unaimba nini?"

"Si hizo nyimbo zenu za siku hizi. Nazipenda, zina utulivu. Tangu kaka yako aache kuimba mmekuwa watu wa maana." Aliniangalia usoni, akaishusha sauti kidogo. "Koo linamsumbua, eh? Niliona nisimuulize. Atajisikia vibaya."

Kaka alikuwa ametoka kuimba muda si mrefu, kabla hatujagombana, mlango wazi, mishipa ya shingo nje.

Tulimpeleka kwa daktari wa masikio. Akatueleza kwamba kwa watu wengi waliokula chumvi nyingi sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, nene hubaki nyuma, na hata hizo nene hakuweza kutuahidi zitabaki mpaka lini. Akampa Mama kifaa cha kuvaa sikioni. Mama akasema maneno anayasikia vizuri, ila muziki unalia kama kijiko sahanini. Akija mteja anakivaa, akiondoka mteja kinarudi mfukoni mwa aproni.

Siku ile tulirudi nyumbani tukakaa chumba cha nyuma bila kuwasha kitu. Kaka ndiye aliyezungumza. "Kwa hiyo wewe anakusikia."

"Ananisikia."

"Na mimi, kadiri nilivyopanda juu ndivyo nilivyomkimbia." Akaninyooshea gitaa langu la besi. "Haya, dada. Tangulia. Nitakufuata."

Kaka hajawahi kumfuata mtu, hata foleni inamshinda. Lakini alinifuata. Tulizifukua nyimbo zote tulizozika. Napiga besi kwanza, peke yangu, na yeye anatafuta pa kupita humo humo chini, karibu kabisa na nyuzi zangu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. Mwanzoni ilitoka kama mlango mbovu, tukamcheka mpaka wifi akaanguka kwenye kinanda. Hakukasirika. Aliimba, akakosea, akaimba. Tulikuwa na haraka na kila mtu alijua haraka ya nini. Fundi wa studio aliponong'ona kwamba wapenzi wetu wamezoea sauti ya juu, Nyundo akamwambia wapenzi watasubiri, yupo wa kwanza.

Kabla ya kurekodi tuliupiga wimbo wa kwanza nyumbani, mlango wazi, kama kawaida. Asubuhi hatukumtuma mtu. Tulikwenda wote, tukajibana ukutani nje ya mlango wa Mama, watu wazima tunakanyagana.

Alikuwa anaguna besi yangu. Ni vile vile kama siku zote. Kaka akainamisha kichwa. Nikamshika mkono.

Kisha Mama akafika mwisho wa mkono wa shati, akaligeuza, na akaanza kuimba. Puani, polepole, wimbo wenyewe. Wimbo wa Kaka.

Nikaingia. Alinyamaza aliponiona, akatia mkono mfukoni, akavaa kifaa chake.

"Kaka yako koo limepona," akasema.

"Limepona, Mama."

Kaka aliingia nyuma yangu, akajibwaga juu ya kapu, akavuta nguo iliyokuwa karibu, akafunika uso nayo akalia kama mtoto. Mama aliweka pasi pembeni. Kisha akaenda akampapasa kichwa, na kwa mkono wa pili akawa anamvuta taratibu ile nguo, kwa sababu ilikuwa ya mteja na alishaipiga pasi.