Kwa Hiari Yake Mwenyewe

Dhapu alifika kwa kaka yake mchana, uso wazi, mikononi amebeba sinia ya shaba yenye sukari guru, mchele na nazi. Kijijini kwa marehemu mumewe, anakoishi kwa miaka thelathini na moja, hatoki mlangoni bila kushusha mtandio hadi kidevuni. Hapa Khariyasar alikozaliwa hupita katikati ya njia kichwa juu, akiwatania wazee, akigombana na wenye maduka, na hakuna wa kumwambia kitu. Mwanamke wa sehemu hizo akifungiwa mlango wa kwao hana pengine pa kwenda akawa binti wa watu. Atabaki kuwa mke wa fulani mpaka wachome maiti yake.

Alikuja kumwalika Bhinyaram kwenye harusi ya binti yake, Nirma. Mwaliko wenyewe si maneno. Dada huweka sinia mbele ya kaka, kaka humega sukari guru na kula, na hapo ndipo inapojulikana kwamba mjomba atakuja na mayra: nguo za ukoo mzima, vito, na juu ya yote mtandio mwekundu wa kumfunika dada yake mbele ya wakwe. Mwenye kaka aliye hai asipoletewa mayra, anasimangwa maisha yake yote. Na Dhapu kaka yake alikuwa huyo mmoja tu.

Bhinyaram aliinama akamgusa miguu. Akauliza habari za nyati wa kukamwa, za mvua, za Shravan, mwanawe Dhapu. Chai ikaja, ikanywewa. Sinia ilikuwa palepale kitandani, na nzi wameshaiona.

"Kula basi, Bhinya," Dhapu akasema. "Au umeshapata kisukari kama matajiri?"

"Nitakula, dada. Haraka ya nini? Tumalize kwanza kale kajambo ka karatasi."

Kajambo kenyewe kalikuwa hivi. Baba yao alikufa mwaka juzi akaacha bigha ishirini za ardhi, kama ekari kumi na mbili hivi. Sheria ya nchi ilishasema zamani kwamba binti ana haki sawa na kijana, kwa hiyo karani wa ardhi aliandika jina la Dhapu kando ya jina la kaka yake. Dhapu hakuomba. Miaka miwili hakuna aliyelitaja, maana palikuwa na miiba na mtama wa kuhurumiwa. Sasa ilikuwa imekuja kampuni ya umeme wa jua, inataka kununua pote, na bila saini yake haiwezi.

Wifi yake, Sayari, alikuwa amekaa kizingitini akichambua dengu. "Mabinti wa ukoo wote wameshasaini, wifi. Hata shangazi kizee asiyeona, tulimshika kidole akaweka alama, akacheka. Ni kwako tu tunakosikia kuna bi harusi anasoma sheria kwenye simu."

"Nirma ni muuguzi."

"Basi atutibu. Dada kugombea udongo na kaka yake, huo ni ugonjwa."

"Nimegombea wapi mimi, Sayari? Nimekuja na sukari."

Bhinyaram alicheka kidogo huku akimtazama ng'ombe nje. "Mimi simlazimishi dada yangu. Chukua nusu yako, ulime, uuze, upendavyo. Ila waliogawana wamegawana. Sitaweza tena kuja kwako na ngoma. Watu wataniuliza naenda kwa nani."

Dhapu alimtazama mtoto huyu ambaye yeye Dhapu alitolewa shule darasa la tatu kwa ajili yake, ili ambebe kiunoni mama yao apate kulima. Alitaka kumnasa kibao. Alitaka pia, na kwa nguvu zaidi, aone mkono wake ukienda kwenye sinia.

"Jumatatu," akasema. "Jumatatu nitakuja mjini."

Nyumbani Nirma alikuwa mkali. "Mama, hiyo nusu yako ni mayra mia moja. Usisaini. Mimi nitaolewa bila mjomba, kwani nini?"

"Wewe utaolewa na utaondoka. Nani atabaki hapa bombani na wake za baba zako wadogo?"

"Waache waseme."

"Hawasemi, mwanangu. Wangekuwa wanasema ningewajibu. Wanatabasamu."

Jumatatu ofisi ya usajili ilijaa wanawake na kaka zao. Ulikuwa msimu wa harusi. Kaka walikuwa na ukarimu usio na kifani siku hiyo: huyu anamnunulia dada aiskrimu, yule anamvalisha bangili mpya palepale kwenye foleni, mwingine anampepea kwa faili. Mwandishi wa hati, mzee mwenye miwani ya kamba, alimsomea Dhapu upesi upesi, kwa maana alikuwa na wengine kumi na wanane wa kuwasomea maneno yaleyale. Mimi Dhapu Devi, kwa mapenzi niliyo nayo kwa kaka yangu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, naacha haki yangu yote, leo na milele.

"Mapenzi mengi mwaka huu," mzee akasema, akimsogezea wino. "Mpaka mhuri unachakaa."

Msajili mwenyewe alikuwa mwanamke kijana. Wengine huuliza huku wakitazama mezani. Huyu aliinua macho. "Mama, unajua unachoacha? Kuna mtu amekulazimisha?"

Bhinyaram alikuwa mlangoni anachezea simu, wala hakumtolea macho. Hakuwa na haja. Dhapu angeweza kusema neno moja tu, na mwanamke yule angefunga faili, na serikali nzima ingekuwa upande wake. Lakini serikali haimfuniki mtu mtandio.

"Hakuna," akasema. "Ni kwa hiari yangu."

"Tazama kamera," msajili akasema, ampige picha ya kwenye hati.

Jioni ile Bhinyaram alikula sukari guru mpaka akaramba vidole.

Na hakuvunja ahadi, lazima tumpe haki yake. Alikuja na magari kumi na mawili na wapiga ngoma wa kukodi. Ardhi ilikuwa imeshauzwa. Mtangazaji alisimama na kipaza sauti, akaita kimoja kimoja: dhahabu ya bi harusi, pikipiki ya bwana harusi, vikuku vya fedha vya miguuni, nguo za wakwe hadi za vitoto visivyotembea. Wake za baba wadogo walisahau kutabasamu. Bhinyaram akaufungua mtandio mwekundu, akamfunika dada yake, akamkumbatia, na uwanja mzima ukapiga makofi.

"Kaka kama huyu hapatikani," mwanamke mmoja akasema. "Mwenzetu ulifunga saumu gani ukampata?"

Dhapu alilia. Walisema ni furaha. Kilichomuudhi ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli furaha. Alirudishiwa kijisehemu cha mali yake kwa kipaza sauti, na alishukuru kwa moyo wote.

Shravan, aliyekuwa akipiga video, alipandwa na mori. "Nirma! Ukija kuozesha binti yako, nami nitakuja hivihivi. Magari ishirini!"

Watu wakashangilia. Nirma alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imejaa hina. Hakupandisha sauti.

"Kwa shamba la nani?"

Ngoma zilikuwa zimepumzika, kila mtu alisikia. Bhinyaram akakaza macho kwenye viatu vyake. Shravan akashusha simu.

"Funga mdomo, Nirma," Dhapu akasema kutoka ndani ya mtandio.

Asubuhi ya pili yake walimtoa bi harusi. Mama na binti walishikana shingoni mlangoni mwa gari, wanalia kama inavyopaswa na zaidi, na wanawake wakiimba nyuma yao. Dhapu akamwekea mdomo sikioni.

"Sikiliza. Ukija nyumbani kwa sikukuu ya Teej tutapita mjini mimi na wewe. Jina lako lipo kwenye shamba la marehemu baba yako. Ulitoe. Shravan hajaniambia kitu, lakini usingoje mpaka akuombe. Akishaomba inakuwa vibaya."

Nirma aliacha kulia. Alijitoa polepole mikononi mwa mama yake, akamtazama kwa macho makavu, kama anavyowatazama wagonjwa waliochelewa kuletwa. Kisha akaingia, akavuta mlango mwenyewe, na gari likaondoka.

"Ana moyo mgumu huyo," wanawake walisema. "Hata hakugeuka."

"Atazoea," Dhapu akawajibu, akaingia ndani kutafuta masufuria ya watu, ayarudishe.