Babu wa Nebraska na Misokoto Yake ya Senti

Watu wa mji wa Corvan, kule Pennsylvania, walikuwa na msemo wao: habari ukitaka isambae, gazeti la nini, mwambie Rosemarie Hrabik akiwa anakukata nywele. Saluni yake ilikuwa haikosi watu. Alijua nani kanuniana na mkwewe, nani karudisha pete, na nani kaanza kupaka nywele rangi huku akisema ni jua. Ndiyo maana ilimuuma kugundua kwamba habari kubwa ya Kwaresima ile ilikuwa inapikwa jikoni kwake mwenyewe, na yeye hata harufu hajaisikia.

Alhamisi asubuhi alimkuta mumewe, Delbert, anafunga kifurushi. Alikuwa amekizungushia utepe wa gundi mpaka kinang'aa. Rosemarie akauliza kuna nini humo. Delbert akajikuna shingo, akakohoa, mwishowe akasema ni kadi ya baba.

Rosemarie akaweka mkono juu ya kifurushi. Marehemu Stanley, baba yake Delbert, alikuwa mkusanya ushuru kwenye kibanda cha barabara kuu tangu ujana hadi uzee. Senti yoyote ya zamani iliyopita mkononi mwake aliibadilisha na ya mfukoni mwake, na jioni, baada ya chakula, aliibonyeza kwenye tundu la mwaka wake katika kadi kubwa ya buluu, watoto wamezunguka meza. Senti ya mwaka aliozaliwa Delbert ilibonyezwa na kidole cha Delbert mwenyewe. Siku ya mazishi, ndugu nusura washikane mashati kwa ajili ya kadi hiyo.

"Unaipeleka wapi, Del?"

Akaeleza. Kuna kijana huko mtandaoni anauza misokoto ya senti, zile zinazopangwa hamsini hamsini na kuviringishwa kwenye karatasi ya benki. Babu yake alifariki huko Nebraska, akaacha sanduku zima darini, halijaguswa na mtu tangu mwaka 1935. Delbert alishanunua misokoto minne. Sasa kijana amekubali wabadilishane: sanduku lote kwa kadi. Kifurushi kingekwenda posta Jumamosi asubuhi.

"Kadi hii najua kilichomo, Rose," Delbert alisema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo sana. "Lile sanduku hakuna anayejua."

Rosemarie akataka kuiona hiyo misokoto minne. Delbert akaitoa kabatini mmoja mmoja, kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku mkali. Karatasi zake zilikuwa za rangi ya chai, zimepigwa mhuri wa benki. Kila msokoto, upande mmoja ilichungulia senti ya kale yenye kichwa kilichovaa taji la manyoya. Upande wa pili, sarafu ndogo ya fedha. Kama hizo ziko mlangoni, Delbert alisema, hebu fikiria zilizo chumbani.

"Basi tufungue mmoja tuone."

Delbert aliukumbatia ule msokoto kifuani. Ukiufungua, alimweleza mkewe polepole kama anayemfundisha mtoto, hautakuwa tena msokoto ambao haujafunguliwa. Thamani yote iko hapo. Na Rosemarie asimwambie mtu, maana mtafuta sarafu, kama mvuvi, hasemi anavulia wapi.

Rosemarie hakumwambia mtu. Aliuliza tu, na kuuliza si kusema. Ijumaa asubuhi, Twyla Pankratz akiwa na kichwa kimejaa vibanio, aliulizwa kama mumewe, Orville, siku hizi hana mambo ya kujifichaficha. Twyla alikuwa anasubiri kuulizwa. Orville, alisema, ana kitu anaficha kwenye droo ya soksi. Yeye alidhani ni barua za mwanamke, akaenda kukagua, kumbe ni senti zimeviringishwa kwenye karatasi. Za babu fulani wa Kansas.

"Nebraska," Rosemarie alisema.

"Kansas, mwenzangu. Alikufa usingizini, anatabasamu."

Kwenye kiti cha pili, Geraldine Mroz, mjane aliyekuwa anapika pirogi, zile sambusa za kuchemsha, za ukumbi wa zimamoto, akafunua taulo usoni. Yeye pia alikuwa na msokoto wake, kaununua kwa siri ili Orville, anayepika naye ukumbini, asimcheke. Wa kwake ulitoka kwa babu wa Iowa. Naye alikufa usingizini, anatabasamu.

Twyla akahesabu kwa vidole: Nebraska, Kansas, Iowa.

"Alijituma sana huyo mzee," Twyla akasema.

Rosemarie akauliza ncha za misokoto yao zina nini. Taji la manyoya huku, fedha kule, wote wawili. Hesabu haikuwa fani yake, lakini alikuwa amechezesha bingo kanisani muda wa kutosha. Mtu akishinda raundi moja, alisema, nampa mkono. Akishinda kila raundi, kwenye kila ukumbi, simtazami yeye tena, namtazama anayetoa namba. Akawaomba jioni waje na misokoto yao ukumbini. Delbert naye, mkewe alimwambia abebe mmoja wake, amwoneshe Orville mtu aliyebahatika anafananaje. Kwa hilo Delbert hakubembelezwa mara mbili.

Ijumaa za Kwaresima, kikosi kinapouza chakula kuchangisha fedha, ukumbi wa zimamoto wa Corvan haupitiki. Samaki wa kukaanga, pirogi za viazi na jibini, kabichi iliyokaangwa na tambi, na foleni inayotoka nje hadi kwenye maegesho. Delbert na Orville walisimama bega kwa bega kwenye makarai ya mafuta, kama kila mwaka. Rosemarie, akigawa sahani dirishani, aliona jambo. Delbert alichungulia simu chini ya aproni, akabonyeza, akatabasamu. Orville akachungulia yake, akanuna, akabonyeza. Sasa ni Delbert aliyenuna. Akabonyeza tena. Samaki wakaanza kuungua.

"Orville," Rosemarie aliita kwa upole, "unashindana na nani hapo?"

Orville akasema ni mambo ya mnada tu, kuna mpumbavu mmoja anampandishia bei tangu Januari.

Delbert akageuza kichwa taratibu. Wakatazamana, kila mmoja na kijiko chake cha mafuta mkononi. Geraldine alicheka hadi akashika meza.

Dakika chache baadaye misokoto mitatu ilikuwa imelala kwenye meza ya chachandu, na nusu ya foleni imeizunguka. Hapo kukawa na kazi, kwani hakuna aliyekuwa tayari kuufungua wa kwake. Wa mwenzake, hata hivyo, kila mmoja aliuona hauna sababu ya kubaki umefungwa. Rosemarie aliliona hilo, akasema vizuri, basi badilishaneni, kila mtu afungue wa jirani.

Kisu kikapatikana mara moja. Orville aliuchana msokoto wa Delbert kwa raha ya mtu anayefungua zawadi. Senti zikamwagika kwenye sinia. Alitoa senti ya manyoya, iliyosagika hadi uso umebaki kivuli, akaitoa na sarafu ya fedha. Zilizobaki, katikati yote, zilikuwa senti za kawaida zenye masuke ya ngano mgongoni, chakavu, za aina ambayo kila nyumba ya Corvan ina mtungi wake. Orville alicheka hadi machozi yakamtoka, mpaka Geraldine alipouchana wa Orville, ukawa vilevile. Delbert akauchana wa Geraldine bila kucheka.

Twyla ndiye aliyeokota moja na kuipeleka kwenye taa.

"Hii ya mwaka 1956," alisema. "Imeingiaje kwenye karatasi iliyofungwa 1935? Ilibisha hodi?"

Geraldine akakumbuka kwamba karatasi tupu za benki za zamani zinauzwa mtandaoni, yeye mwenyewe aliziona, akadhani ni za urembo. Orville akavua kofia. Watu walianza kurudi kwenye foleni, wanacheka, wanaulizana nani mwingine ana babu.

Delbert peke yake hakuondoka mezani. Alisema huo ni mmoja tu. Alisema sanduku ni kitu kingine, sanduku limo darini. Kifurushi kilikuwa ndani ya gari, pale nje, kimeshaandikwa anwani, na Rosemarie alijua akipiga kelele sasa kitakwenda posta, kwa ukaidi tu. Kwa hiyo alijifuta mikono, akaketi karibu naye.

"Mwombe afungue mmoja wa kwenye sanduku," alisema. "Akupigie picha. Yeye ndiye mwenye mali, atapungukiwa nini?"

Delbert akaandika, kidole kimoja, unga ukibaki kwenye kioo. Jibu lilikuja upesi. Haiwezekani, kijana aliandika, babu alituusia usiku ule wa mwisho kwamba misokoto isifunguliwe kamwe. Kadi imeshatumwa?

Delbert alilisoma jibu mara mbili. Akampa Rosemarie asome. Kisha akaichukua simu, akaandika maneno machache, akayatuma kabla hajabadili mawazo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemuuliza, babu yupi."

Walisubiri. Oda za samaki ziliitwa, sahani zikatoka, kijana wa Nebraska hakujibu. Baadaye kidogo ukurasa wake wote ukawa haufunguki tena. Delbert akavua aproni, akatoka nje, na Rosemarie akamfuata kwa macho hadi mlangoni.

Alirudi na kifurushi. Utepe ulimshinda; alikuwa ameufunga kwa nia ya kuvuka nchi nzima. Orville akaja na kisu kilekile, akasaidia, wakiwa wameinamisha vichwa pamoja. Kadi ya buluu ilipofunuliwa, watu wakaanza kusogea tena, huyu anatafuta mwaka aliozaliwa mama yake, yule anakumbuka Mzee Stanley alivyokuwa anawapungia mkono kibandani. Twyla akanyoosha kidole.

"Hapana," Delbert akasema, akiikinga kadi kwa mwili wake wote. "Mkono wenye mafuta haugusi hapa. Anayetaka kuona, akanawe kwanza."

Basi foleni ya samaki ikavunjika, ikahamia kwenye sinki, Geraldine akigawa sabuni, na Rosemarie akabaki peke yake dirishani na karai la pirogi zinazopoa, akimwambia mteja mmoja aliyetoka mji wa jirani kwamba samaki atachelewa kidogo, ila akinawa mikono kuna kitu hapo cha kutazama.