Upande wa Chini wa Shamba

Tangu asubuhi Maurine alikuwa amekwenda msalani mara nne, na kikao kilikuwa bado hakijaanza. Alikuwa na mwaka wa pili tu katika ofisi ya mipango ya ardhi mjini Busia, na hili ndilo ombi kubwa la kwanza alilokabidhiwa: nyumba mia moja na ishirini za kupangisha, nje kidogo ya Malaba. Wananchi walikuwa wameitwa kwenye ukumbi wa kanisa watoe maoni kabla kamati haijapitisha ramani.

Kilichomkosesha raha ni ukurasa wa sita wa ripoti yake mwenyewe. Aliandika kwamba shamba lote limekaguliwa na upande wa chini ni mkavu. Ukweli ni kwamba siku ile mvua ilinyesha, pikipiki ikakwama kwenye matope, na Robinson, mhandisi wa kampuni iliyotaka kujenga, akamwambia, "Huko chini ni nyasi tu, dada. Utachafua viatu bure." Maurine alitazama kwa mbali, akarudi zake.

Kikao kilianza vizuri. Vijana walitaka kazi ya mjengo, wenye maduka walitaka wateja. Kisha akasimama mama mmoja aliyeitwa Ajiko, mkulima wa jirani.

"Swali langu ni moja tu. Hiyo chemchemi yetu iko wapi kwa hii ramani?"

"Mama, hakuna chemchemi hapo," Robinson akajibu kwa upole. "Ripoti ya ofisi yenyewe imesema ni pakavu."

Mzee Oduori, mkubwa wa Maurine kazini, akainama kumnong'oneza. "Wathibitishie, tumalize."

Maurine akasimama. Kwenye ramani aliona nyumba kumi na nane zimepangwa upande ule wa chini, kila moja na shimo lake la maji taka. Akijibu ndiyo, kikao kitakwisha na hakuna atakayemuuliza tena.

"Sikufika chini," akasema. "Niliandika nimefika, lakini mvua ilinyesha, sikufika."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Alilishwa huyo!" Watu wakacheka. Maurine hakuwa amepokea hata soda, lakini angeapa kwa nani?

Mzee Oduori alifunga faili bila kumtazama. "Twendeni tukaone," akasema.

Walitembea karibu nusu saa. Njia nzima Maurine aliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba chemchemi ipo, na kwamba haipo. Ilikuwepo. Bomba lilitokeza kwenye ukuta mfupi wa saruji uliojengewa chemchemi, na wanawake watatu walikuwa wakijaza mitungi. Robinson alibaki juu barabarani, simu sikioni.

"Hata siku ile ya mvua ungetupata hapa," Ajiko akamwambia Maurine. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Baada ya wiki mbili kamati ilirudisha ramani. Nyumba kumi na nane ziliondolewa, na kampuni ikaamriwa iache mita thelathini kutoka kwenye maji. Maurine alipewa barua ya onyo, na faili likahamishiwa kwa mwenzake. Pale Malaba, wengine waliendelea kusema alikula hela, akashindwa kuzimeza.

Aliposikia matrekta yameanza kuchimba misingi, Maurine alishindwa kukaa nyumbani. Jumamosi moja alikwenda peke yake na futi kamba, Ajiko akamshikia ncha moja ukutani mwa chemchemi. Mpaka kwenye mtaro wa kwanza wa msingi walipata mita thelathini na moja.

"Si imetosha?" Ajiko akauliza.

"Imetosha," Maurine akasema. "Lakini shika tena, mama. Tupime mara ya pili."