Kabla ya Kumsusia Siwema

Wanangu, nawaandikia mlishike hili. Mama yake Siwema alifariki alfajiri, nasi wanawake wa chama cha kuzikana tukakutana barazani kwangu. Mwenzetu Siwema hakuja kupika kwenye misiba miwili iliyopita, na kanuni yetu mnaijua: asiyekwenda kwa wenzake, naye haendewi. "Tumsusie, akome!" akasema Mama Tunu. "Mwenyekiti, kata neno." Nikaomba nipewe mpaka alasiri. Nikajilaza mkekani, kichwa kinagonga, usingizi ukanichukua.

Nikajiona niko katika nchi ya vumbi jekundu, moshi wa kuni umetanda, watu wamekaa mistari na mistari wakingoja wali. Sufuria moja alipakua Bi Huruma, kanga imelowa machozi. Aliyelia kwa sauti alijaziwa sahani ikamwagika, walioinama kimya wakapitwa. La pili alilisimamia Bwana Kanuni, kanyooka kama nguzo, daftari mkononi. "Jina halimo!" akamwambia bibi kizee, akafunika sufuria, na yule bibi akaanguka pale pale. Nikapiga yowe.

"Unalia nini, na mwiko unao wewe?" Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa masizi. "Naitwa Busara." Nikatazama mkononi, kweli, mwiko ninao.

"Nimfuate nani, Bibi? Yule ananivuta, huyu ananitisha."

"Wote ndugu zangu. Huruma huona aliye mbele yake tu, Kanuni huona umati asimwone mtu. Wapike pamoja. Ila wewe, kabla hujapakua wala kufunika, inama umuulize mtu amepatwa na nini. Umeuliza?"

Nikazinduka. Kumbe kikao kizima hatukumuuliza Siwema hata neno! Nikatoka mbio mpaka kwake.

"Mdogo wangu, misiba ile ulikuwa wapi?"

Akainama. "Mama alikuwa hainuki, dada. Haja zote palepale kitandani. Kumwacha siwezi, kuwaita mwone vile, niliona aibu."

Nikamkumbatia, tukalia. Kisha nikamwambia, "Ungetuambia, tungepokezana zamu. Kanuni inabaki, na msiba ujao moto unawasha wewe."

"Nitawasha, dada."

Wanangu, ilibaki saa moja tu nimwache mtu azike mamaye peke yake, nami nijione nimetenda haki. Nikawatumia wenzangu habari, wakaja kupika. Mama Tunu alifika wa mwisho, kajitwisha vitunguu, ananung'unika: "Si mngesema mapema? Haya, kisu kiko wapi?"