Ufa wa Bladi ya Saba

Stima ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na nje ya kiwanda, huku juu ya mji wa Kianyaga, majani mabichi ya chai yalikuwa yameanza kupata joto ndani ya magunia. Meneja Mbae alitaka tabaini ya mvuke, mtambo wa kiwanda wa kuzalisha umeme, iwashwe saa nne. Kingori, fundi wa mitambo, hakutaka. Aliizunguka rota, lile gurudumu la bladi za tabaini, iliyokuwa imefunuliwa, kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Bladi zinang'aa, Kingori. Si umezisugua mwenyewe?"

"Hiyo ni uso tu, bwana meneja. Miaka ishirini na tatu inapigwa na mvuke ya moto. Mnazima, inapoa, mnawasha tena. Chuma nayo inachoka."

"Ati inachoka! Ulisomea chuo gani?"

Alisomea mwaka wa themanini na nne, bomba la mvuke lilipopasuka humu kiwandani likamuunguza fundi mwenzake Kinyua akafa, na wakubwa wakaandika kwamba ni uzembe wa marehemu. Kingori alibeba lile jeneza. Bega lake halijasahau.

Jana, alipoifungua tabaini kuikagua, alikuwa amezipaka bladi mafuta ya taa. Sasa alizipangusa zikakauka, akazinyunyizia unga wa chaki, akangoja. Kwenye shina la bladi ya saba ukajitokeza mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Mbae akaufuta kwa leso. Kingori akanyunyiza tena. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakapanda, na mstari ukarudi.

"Itavumilia leo tu," Mbae akasema. "Miriti, rudisha kifuniko, ukafungue valvu ya mvuke."

Miriti, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama hatua mbili kutoka kwa tabaini hiyo, hakusogea.

Kingori akatoka mbio, akawaita wakulima waliokuwa wakingoja na magunia yao waingie waone. Wa kwanza kuingia alikuwa mkewe, Wakiuru.

"Baba Ngendo, majani yangu inageuka nyekundu! Unataka nimwage?"

"Nataka."

"Juu ya kamstari haka?"

"Hapo pakikatika, bladi itaruka. Na itapita kwa Miriti kwanza."

Wakiuru akautazama ufa, kisha Miriti. Akamgeukia meneja. "Basi fungua wewe, bwana meneja. Sisi tutasimama hapa tukuangalie."

Mbae aliitazama valvu. Akaikunja leso yake, akairudisha mfukoni. "Kingori, kesho usije."

Nje, Wakiuru alipindua gunia la kwanza. Majani yakamwagika yakifuka. Kingori akashika la pili.

"Wacha," akasema mkewe bila kumtazama. "Hiyo nitamwaga mwenyewe."